Kamyo ya Papa Ndani ya Mashini

Patron wangu wa depo ya kahawa alikimbilia Kampala asubuhi moja bila kutuaga. Mimi nilikuwa nafagia kwake, napima mifuko, najibu redio ya kuita Butembo. Alimwachia mulinzi maneno kwamba badala ya mishahara nichukue mashini yake ya ofisini, ordinateur, yaani kompyuta, ya zamani, ambayo siku zake ilikuwa nyeupe lakini sasa ilifanana na meno ya mutu wa tumbaku. Jina lake siandiki. Anajijua, nyumba yake ya gorofa najua iko wapi, na namutaja wa kwanza kwa sababu kati ya wabaya wangu yeye ndiye mudogo kabisa.

Wa pili ni transitaire wa Kasindi, mutu wa kutengeneza karatasi za douane, za forodha, kwa ajili ya wachuuzi. Huyo alikula kwenye meza yetu mara nyingi. Ni yeye aliyewaambia askari waasi kwamba kamyo ya Papa, lori la baba yangu, imetiwa injini mupya. Wa tatu ni kapiteni wa waasi aliyeisimamisha njiani kati ya Kasindi na Beni, akamushusha Papa, akamuvua hata viatu, akapanda yeye mwenyewe. Kamyo ikaenda na kahawa ya watu juu. Papa akarudi kwetu Mulekera, pale Beni, kwa miguu, peku. Wa nne ni wale wakubwa waliokaa mahotelini wakigawana barabara zetu kama watu wanaogawana mbuzi, huyu apewe Beni, huyu Bunia, huyu Goma. Hao redio iliwataja kila siku, hawana haja na mimi.

Basi nimekwisha kuwataja. Sasa niseme ya furaha, maana ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Papa aliporudi alikaa. Kuna kiti cha mwanzi kilichokuwa nyuma ya nyumba, pale Mama anapoanika mihogo, naye alikaa pale akiutazama ukuta. Huyu alikuwa mutu wa kelele. Maisha yake yote alizungumza akishindana na injini, hata ndani ya kanisa alinong'ona kwa sauti ya kusikilika kwenye altare. Sasa alijibu kwa kichwa. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Chombo chenye magurudumu alikataa kabisa kupanda, si moto, yaani pikipiki, si gari la paroisse la kwenda kanisani, na kwa kuwa kanisa lilikuwa mbali, misa nayo ikamwisha. Majirani walipopita kwetu walianza kuteremusha sauti, jinsi mutu anavyopita mbele ya nyumba ya mugonjwa. Mama alikuwa na ulimi, na hata huzuni haikuuvunja.

"Balinyanganya kamyo, na dereva akabaki mule ndani," alisema. "Miye balinirudishia koti tu."

Sisi wawili tulicheka, halafu tukaacha kucheka kwa wakati mumoja. Ilikuwa kweli. Nyama zilikuwa zinamutoka mwilini. Papa alikuwa anakwenda zake akiwa amekaa, na hakuna mutu aliyejua jinsi ya kumusimamisha.

Ile mashini niliiweka katika chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Umeme ulitoka kwa kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na groupe, jenereta ndogo ya petroli. Tulitoboa tundu, tukapitisha waya. Watu walikuja kuandikisha barua za mashitaka, vijana wakaja kucheza. Kutoka Butembo nilikuwa nimeleta CD moja yenye michezo mingi: mupira, vita, na mumoja wa makamyo. Ule wa vita niliufuta. Tulikuwa nao nje bure. Ule wa makamyo unakupa lori lenye muzigo na barabara ndefu ya Ulaya, yenye miti inayofanana na miti ya kule Lubero, na kazi yako ni kufikisha muzigo.

Siku hiyo alikuwa anacheza motari mumoja, mutu wa pikipiki, akisubiri wateja. Nikasikia sauti mugongoni kwangu.

"Ambia ule kijana ashushe vitesse, atie gia ndogo, mbele ya mulima. Hapana katikati."

Nikageuka. Papa alikuwa amesimama mulangoni, kiti chake cha mwanzi mukononi. Alikuwa amesikia lile lori likiunguruma kupitia ukuta, injini inayolia vibaya, na hakuweza kuvumilia.

"Vieux, muzee wangu," motari akasema, "hii ni ya vidole tu. Haina mulima wa kweli."

"Mulima ni mulima. Simama."

Motari akasimama. Papa aliendesha kwa vidole viwili, kidole cha kila upande, na mwanzo aliingia katika miti kama mulevi. Lakini barabara ilipokuwa imenyooka uso wake ulirudi. Nauliza kama wasomaji wamewahi kuona uso ukirudi. Unaanza na masikio. Yalisogea nyuma, kama ya mutu anayesikiliza gurudumu la nyuma. Halafu mudomo ukaanza kutukana polepole, kwa Kinande, matusi mazuri ya barabarani ambayo sikuyasikia tangu siku ya kapiteni. Mama alitoka jikoni na unga kwenye mikono, akasimama pale akitazama.

Kisha ikaja kona.

Kwenye kona ile mashini yangu iliziba. Picha ikasimama, sauti ikarudia neno moja kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio, na picha iliporudi lori lilikuwa chini ya bonde, magurudumu juu. Papa akaanza tena. Kona, picha ikasimama, bonde. Mara nyingine, vilevile. Akaondoa vidole taratibu, jinsi unavyoondoa mukono juu ya kitu cha mutu mwingine.

"Na hii pia banaibeba," akasema, akachukua kiti chake akarudi ukutani.

Tangu hapo nilijua kitu kimoja tu: ile kona lazima ipitike.

Tulikuwa na mupangaji, agronome wa serikali, ndiye bwana shamba, mutu wa Kasai. Serikali ilimutuma kwetu kwa mahindi, halafu vita vikakata njia ya Kinshasa, mushahara ukabaki upande ule na yeye upande huu. Tulimwita Agronome, hata Mama. Alikuwa ameshika mashini kama hizi katika bureau, ofisi yake. Akafungua kifuniko kwa kisu cha mezani, sisi wawili tukainama kutazama. Aliniambia maneno mengi. Mimi niliacha shule mwaka wa tano wa primaire, nikawa nayahamisha maneno yake moja moja hadi kwenye kamyo, ndiyo nikaelewa. Mémoire ni karoseri, pahali pa kupakia: yetu ilikuwa ndogo, kila kona inaleta miti mipya na milima mipya, haina pahali pa kuiweka, inabaki inapakua na kupakia njiani. Carte ya picha ni kioo cha mbele: yetu ilikuwa ya kuandikia hesabu, si ya kuonea njia. Injini yenyewe, akasema, ni ya kizee lakini bado inavuta.

Tukahesabu tulichonacho. Ilikuwa rahisi: mufuko mumoja wa kahawa wa shamba la Mama. Mama aliutoa akisema kwamba amekwisha kuolesha wasichana kwa mahari ndogo kuliko hiyo, lakini sawa, muuze, pengine bwana wake atarudi na sauti. Mufuko mumoja Kasindi ungeweza kutoa vitu vya upande mumoja tu. Na hapo tukagombana.

Agronome alitaka mémoire na carte. Mimi nilitaka volant. Nilikuwa nimeiona Kasindi kwa muchuuzi mumoja wa vitu vya Kampala, usukani wa kuunganisha na mashini, na pedali mbili za chini. Niliona mikono ya Papa juu yake. Vidole viwili juu ya clavier ya herufi, ile ni aibu kwa mutu aliyepanda mulima wa Kabasha na tani saba. Agronome akasema volant bila mémoire ni kofia juu ya maiti. Nikamwambia asitaje maiti nyumbani kwetu. Kinyozi naye akaingiza kichwa juu ya uzio, akatoa shauri kwamba tununue sanduku kubwa la muziki, litavuta wateja kwake na kwangu. Tukamwambia anyoe.

Haya yote tuliyasema uani, nyuma ya mugongo wa Papa, kama vile hayuko.

"Inachemka," Papa akasema.

Tukamwangalia. Hakugeuka, alikuwa bado anaongea na ukuta.

"Ile mashini. Nilitia mukono. Inachemka, na nyinyi munazungumza karoseri. Dereva gani anapakia kamyo yenye radiateur imeziba?"

Agronome akakimbilia ndani akafungua tena, safari hii hadi chini, pale kwenye kipepeo kinachopoza injini. Kipepeo kilikuwa hakionekani. Kilikuwa kimevikwa nywele. Kupitia tundu la waya, kwa miezi yote ile, upepo wa groupe ulikuwa umepuliza kwetu nywele za kinyozi, na mashini yangu ilikuwa imevuta vichwa vya nusu ya Mulekera. Mama alicheka hadi akakaa chini. Alisema sasa anaelewa kwa nini inasahau: imejaa mawazo ya watu wengine. Papa alitoka kwenye kiti. Akaomba burushi ya rangi na pompi ya baiskeli, akaisafisha mwenyewe, tundu kwa tundu, akipuliza na kutukana.

Ikawa nzuri zaidi. Lakini kona bado ilikataa.

Basi nikamuuliza yeye, jambo ambalo tungefanya tangu mwanzo. Nikamweleza kahawa inatoa nini na haitoi nini. Volant, ao zile mbili za Agronome.

Papa akaitazama mikono yake, huku na huku.

"Mama," akaniambia, maana kwetu baba anaita binti yake mama, "volant miko nayo. Niletee barabara."

Nikaenda Kasindi na mufuko. Sitaeleza safari, ilikuwa vumbi na watu wenye bunduki. Muchuuzi wa vitu vya Kampala alinionyesha vipande vyenyewe: mémoire mbili ndogo kama kitana cha kuchania, na carte ya kijani yenye miguu ya dhahabu. Agronome alikuwa amenichorea kwenye boksi la sigara umbo la miguu, kwa sababu carte ingine ina miguu isiyoingia katika mashini ya zamani. Nikalinganisha, nikakataa ya kwanza, nikakataa ya pili, muchuuzi akaniuliza kama naoa ao nanunua. Ya tatu ilikubali. Volant ilikuwa palepale kwenye rafu. Niliishika kidogo, nikairudisha.

Nilipotoka, nani amesimama kwenye kivuli cha magodoro? Transitaire wetu. Alikuwa amenenepa, kalamu zake zimejipanga mufukoni.

"Wabukire, mama," akanisalimu, kama mutu safi. "Papa eko muzuri?"

"Eko muzuri. Alinituma pièces, vipande vya kamyo."

"Kamyo gani?"

"Ileile yake. Ilirudi, iko mu nyumba."

Nikaenda zangu. Sikugeuka kumwangalia, lakini muchuuzi aliniambia baadaye kwamba yule bwana aliuliza watu watatu jioni ile kama kapiteni bado ana kamyo, na wiki nzima hakulala kwake. Hiyo ni furaha ndogo. Nimeiweka hata hivyo.

Nyumbani nilidhani Agronome ataviingiza vile vipande yeye. Akavishika, akavirudisha mezani. Akasema kufungua anaweza, kusafisha anaweza, lakini kusukuma kitu kipya ndani ya kitu kizee kinataka mukono uliozoea, na mukono wake umezoea mahindi. Kule Butembo kulikuwa fundi aliyejifunza Kampala. Basi nikaanza kutafuta kamyo ya kunibeba pamoja na mashini, na nikataja hilo neno mbele ya Papa, kwamba mashini inakwenda garage Butembo.

"Nani atalala nayo?" akauliza.

Musomaji asiye wa barabara hataelewa. Kwetu dereva haachi kamyo yake garage peke yake. Analala chini yake, juu ya mukeka, hata wiki, kwa sababu ukigeuza mugongo mafundi wanatoa batterie yako nzuri wanatia ya mutu mwingine, gurudumu lako linabadilika umri. Papa hakuwahi kuacha kamyo garage. Nilimwona anafikiri, na hofu inampanda shingoni na kushuka.

"Basi mi nitakwenda," akasema. "Lakini miko bila viatu."

Agronome akatoa vyake. Vilikuwa vidogo. Papa akapanda juu ya mifuko ya maharagi, mashini imefungwa katika kitenge katikati ya magoti yake, na kamyo ilipotikisika kuondoka alishika kamba kwa mikono yote miwili, macho amefunga. Aliyafungua karibu na Maboya, Butembo mbele yetu.

Fundi wa Butembo alikuwa na chumba nyuma ya soko. Kabla hajagusa kitu, Papa akatoa chupa ya rangi ya kucha aliyoiomba kwa Mama, akatia nukta nyekundu juu ya kila kipande, kama madereva wanavyotia alama kwenye batterie.

"Papa, mi hapana mwizi," fundi akasema.

"Sijasema. Hata mi hapana mwizi, na vya kwangu natia alama."

Fundi akacheka, akafanya kazi chini ya macho yake. Mémoire ziliingia na kulia tak, carte ikaingia na kulia tak kubwa zaidi. Fundi akanyoosha mukono awashe.

"Ngoja," Papa akasema. "Bado haibarikiwe."

Hili nalo ni letu. Injini iliyofunguliwa haifanyi safari ya kwanza bila baraka. Siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, baada ya misa, uwanja wa paroisse unajaa makamyo, moto, hata chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na padri anapita na ndoo ya maji na tawi la muti. Fundi alikuwa mutu wa misa, hakubisha. Tukakodi chukudu, tukaweka mashini juu, tukaipanga kwenye mustari kati ya Fuso moja na moto mbili. Madereva wakatuuliza hii ni nini. Papa akasema mungoje muone.

Sasa, padri anapofika mbele ya kamyo, dereva anafungua kofia ya injini. Ndivyo inavyofanywa. Baraka haipiti kwenye bati, inatiwa kwenye injini yenyewe. Papa aliona yule wa Fuso anafungua kofia. Naye akavuta kifuniko cha mashini, akasimama kando, kofia yake ya kichwa mukononi. Mimi nilikuwa naomba Mungu, nimefumba macho. Fundi alikuwa anamusalimu shangazi yake.

"Hii ni nini, Papa?" padri akauliza.

"Kamyo, Padri."

Padri akainama akatazama ndani, akaona uzee wake. Nadhani aliihurumia. Akachovya tawi hadi kwenye shina, akanyunyiza, halafu akachovya mara ya pili.

Nilifumbua macho kwa kilio cha fundi. Maji yalikuwa yanashuka juu ya carte ya kijani, yanadondoka kwenye mémoire, moja, moja. Padri naye alibaki na tawi juu, ameelewa kwamba kuna neno. Yule wa Fuso akaanza kucheka, wengine wakafuata, uwanja mzima. Mimi nikamutazama Papa. Niliuona ukuta wa kwetu machoni pake. Nikasema moyoni, leo kahawa imekwenda, na mutu wetu naye amekwenda.

Papa akavuta pumzi.

"Hakuna mutu anagusa contact ya kuwasha," akasema.

Aliisema kwa sauti yake. Ile ya zamani. Kicheko cha wale madereva kilikatika kama kimekatwa na panga, na njiwa waliondoka juu ya bati la kanisa.

"Hii imezama mu maji tu. Muto wa Semliki ulimeza kamyo yangu mara ngapi? Weye, lete kitambaa kikavu, hapana hicho cha mafuta. Weye wa Fuso, unacheka na meno yote, leta pompi. Fundi, toa kila kitu chenye nukta."

Wakatii. Watu waliokuja kubariki magari yao waliacha magari, wakazunguka chukudu yetu. Vipande vikatolewa, vikapanguswa, vikalazwa juu ya kitenge kwenye jua. Mwanamuke wa kukaanga beignets, mandazi yetu, akaleta mbabula yake yenye makaa, Papa akapima joto kwa nyuma ya mukono na kuisogeza mbali kidogo, akisema tunakausha, hatukaangi. Padri alivua kanzu, akashika pompi yeye mwenyewe, akapuliza pale aliponyunyiza. Mutu akaleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nayo ikazunguka. Papa alieleza jinsi alivyotoa maji katika injini kwenye kivuko, neno kwa neno, na yule wa Fuso akabisha, na Papa akamuuliza alizaliwa mwaka gani. Siku nzima hawakuniachia hata nafasi ya kushika kitambaa. Nilikaa juu ya ngazi ya kanisa nikila beignets, na nasema ukweli, vita vilikuwa kila upande wa muji ule, lakini katika uwanja ule sikuvisikia.

Fundi alisema tungoje hadi kesho yake, tukangoja. Papa alilala na vipande vyake.

Asubuhi tukarudi chumbani mwa fundi, na wale wa uwanja wengi wakatufuata, wakaziba mulango na dirisha. Fundi akawasha. Kipepeo kikazunguka. Kioo kikabaki cheusi kwa muda wa kutosha mimi kumutaja Bikira Maria, halafu rangi zikatokea, rangi ambazo ile mashini haikuwahi kutuonyesha, kumbe ile miti ya Ulaya ina majani. Papa akakaa. Vidole viwili. Akaondoka taratibu, akapanda, akapumuzisha injini, akateremuka.

Kona ikaja. Ikapita. Ikaja ingine, ikapita, na barabara ikawa inaingia chini yake kama kitambaa kinachovutwa, bila kukatika. Watu wa dirishani waliinama pamoja naye, kushoto, kulia. Yule wa Fuso alisema polepole, "Eh, vieux anajua," na hakuna aliyebisha.

Papa alifikisha muzigo. Kisha akasimama mwenyewe, akamwambia fundi azime, petroli ya watu inaungua. Akamuuliza yule wa Fuso kama anapanda Beni leo.

Anapanda. Papa hakutaka juu ya mifuko. Alitaka kabine. Tukakaa watatu, mashini juu ya magoti yangu, na tangu tunatoka Butembo hakunyamaza: hapa shika kulia, hapa kuna jiwe lilikuwa tangu Mobutu, hapa usiguse frein, breki itaungua. Dereva alivumilia milima miwili. Kwenye wa tatu akasimamisha gari katikati ya barabara, akateremuka, akazunguka hadi mulango wetu.

"Basi, vieux, shika weye. Mi nitakaa kama bibi-arusi."

Papa akasogea. Viatu vya Agronome alivivua, akaendesha peku.

Kizuizi kilikuwa mbele, kamba ya kawaida yenye matambara mekundu, na askari wawili. Dereva akataka kuchukua pahali pake. Papa akatikisa kichwa. Nilikuwa namwona kapiteni katika kila kofia. Papa alisimamisha gari mbele ya kamba bila hata kulitikisa, akateremusha kioo, mikono yote miwili juu ya usukani, ikionekana. Mishipa ya mikono ilikuwa imesimama.

Askari akachungulia, akaonyesha kitenge changu kwa mudomo wa bunduki.

"Oyo nini?" akauliza kwa Lingala, hiki ni nini.

"Kamyo yangu, chef," Papa akasema.

Askari akatazama Fuso. Akatazama kitenge.

"Muzee, makamyo mbili?"

"Hii ni ya mutu mwingine. Ile ni ya kwangu. Hainywe mazout wala petroli, inakunywa maji ya baraka."

Askari akamutazama, akijaribu kujua kama anachezewa. Halafu akacheka, kijana tu alikuwa, akaangusha kamba chini. Papa akatia vitesse ya kwanza. Nilimsikia anapumua mbele kidogo ya Beni.

Hakusimama barabarani. Aliingiza Fuso ya watu katika lango letu la Mulekera, akaangusha uzio wa kinyozi upande mumoja, akapiga honi hadi majirani wote wakatoka. Mama alikuja na mikono kichwani akiuliza ni ya nani hiyo, tumeiba ya nani. Dereva akamwambia asiogope, ni yake yeye dereva, amenyanganywa kwa maneno tu.

Papa hakuteremuka. Alikaa juu kule, injini inaunguruma, mikono juu ya usukani, akitutazama kama mutu aliye kwenye balkoni.

"Kuna chakula?" akapiga kelele.

Mama akajibu kwamba kuna bugali na sombe ya majani ya muhogo, ateremuke ale kama watu wengine. Papa akasema hapana, atakula hapahapa. Mama akaniangalia. Akaingia jikoni, akatoka na sahani, akakunja kitenge chake, akapanda ngazi ya kamyo akamupa kupitia dirishani. Papa akala yote. Akarudisha sahani dirishani, akaomba ingine, na pilipili.